Pale Kina Mama Wanapogeuka

Baba yangu mpenzi,

Nakuandikia kutoka Kawangware, kwenye chumba ambacho hukuwahi kukiona. Ni Jumamosi mchana. Saiba nimefunga mapema, kompyuta zote za wateja nimezima, mvua inaanza na kuacha, na sauti yake juu ya mabati imenifanya nikuwaze hadi chai ikapoa. Kuna jambo nilifanya kwa jina lako bila kukuuliza. Nitakuambia, ila nipe nafasi nije polepole.

Unaikumbuka ile laptopu? Mwenye saiba, yule mama mwenye hii ploti yote, alikuwa ameitupa nyuma ya kabati. Akaniambia, "Chukua, Achieng'. Hiyo ni kama imekufa." Nikaifufua, nikakuletea mtaani kwenu Lindi. Ulikuwa umekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala mapajani kana kwamba ni wa mtu mwingine ambaye uliombwa umshikie. Ilikuwa miezi mitano tangu stroke ikupoozeshe. Ilikuwa pia miezi minne tangu mwalimu wa kwaya aje nyumbani, avue kofia, aseme, "Mzee, tunakuombea. Lakini Jumapili lazima ngoma ipigwe." Ulimpa ngoma wewe mwenyewe, na vijiti ukampa. Mama akaingia nyuma ya pazia usimwone akilia.

Lile gemu la muziki nilikuwekea humo kwa kujaribu tu. Ukataka kujua ni la nani. Nikakueleza kwamba kuna mtu alilianza, halafu watu wa kila pembe ya dunia wakaongezea: wengine wanalirekebisha, wengine wanapanga alama za mapigo ya nyimbo, na kulicheza ni bure.

"Kama kujenga kanisa," ukasema. "Kila mtu na bati lake."

Tulianza na ule mchezo wa miduara, ambapo lazima uiguse kwa mausi ya kompyuta kila pigo la wimbo linapofika. Mausi ilikutoroka mezani, ukakasirika. Tukaenda kwenye matunda yanayoanguka kutoka juu, unayakinga kabla hayajafika chini. Huo ulikuchekesha. Ulikinga tufaha moja, mengine kumi yakakupita, ukasema hao watu hawajawahi kuuza kitu sokoni. Ule wa vitufe vinavyoshuka kama vya piano ulitaka vidole vingi kuliko ulivyobakiwa navyo.

Halafu nikafungua wa ngoma.

Alama zinakuja kutoka kulia zikielekea kushoto. Nyekundu, unapiga katikati ya ngoma. Buluu, unapiga ukingoni. Kitufe kimoja cha hii na kimoja cha ile, mkono wa kushoto peke yake unatosha. Uliinama tu, na wimbo wa kwanza ulipoisha ukabaki umeinama. Jua la alasiri lilikuwa linapenya kwenye matundu ya misumari, limekutia madoadoa mgongoni, na vumbi lilikuwa linaelea ndani ya ile miale taratibu sana. Nilisimama pale sijui kwa muda gani. Nikiota siku hizi, ndipo ninaporudi.

Baada ya wiki chache ukachoka na nyimbo za wengine. "Hawa wanaopanga, wamefunzwa na nani?" Nikakuambia hakuna, yeyote anaweza. Basi ukataka ule wimbo wa kwaya niliourekodi kwa simu kabla hujaugua, ambao ngoma ni yako. Nilikuwa nauchezesha kidogo kidogo, wewe unanyanyua kidole, mimi naweka alama. "Hapo. Hapana, kabla ya hapo. Rudisha." Dakika nne za wimbo zilituchukua karibu mwezi mzima. Sijawahi kukaa na wewe karibu hivyo, hata nilipokuwa mdogo.

Tukautuma. Kabla wimbo haujakubaliwa rasmi, kuna wachezaji wanaojitolea kuukagua. Akaja mmoja, hatukujua hata ni wa nchi gani, akaandika kwa adabu kwamba kazi ni nzuri ila kwenye ubeti wa tatu mapigo yamechelewa, tuyasogeze kidogo. Nilikusomea.

"Hayajachelewa," ukasema. "Hapo ndipo kina mama wa kwaya wanageuka. Zile kanzu ni nzito, na mama yako alikuwa anaumwa na goti. Nilikuwa nawangoja."

"Baba, kompyuta haijui kungoja."

"Basi ijifunze."

Nikamwandikia yule mtu hivyo hivyo. Akajibu kwamba anaelewa, lakini bila kusogeza hauwezi kupita. Ukakataa. Wimbo ukabaki kwenye lile rundo la nyimbo ambazo hazijakubaliwa, na wewe ukawa unaucheza kila alasiri, umefumba macho, hadi stroke ya pili ilipokuja wakati wa mvua.

Sasa lile jambo.

Tulipokuzika na kurudi, nikamhamishia Mama huku kwangu. Mwezi mmoja baadaye nilifungua laptopu nikakuta jina lako pale juu, na chini yake neno moja, *haijakubaliwa*. Liliniuma vibaya, Baba. Nikawaza, mtu amepiga ngoma miaka thelathini, amenyang'anywa mwishoni, halafu hata huku abaki kwenye rundo. Nilitaka watu wakucheze. Nilitaka Tokyo wakujue, na kokote kwingine. Nikayasogeza. Kila pigo la ubeti wa tatu nililipanga sawasawa na mstari, nikaituma kazi tena. Wakaipenda. Ilibaki hatua moja ipite.

Jumamosi moja nikaiweka ijicheze yenyewe, maana gemu lina namna hiyo pia, kompyuta inapiga, ngoma yake ikifunika ile ya kwenye rekodi, wewe unatazama tu. Mama alikuwa anachambua mboga ya sukuma. Ubeti wa kwanza, kichwa chake kikawa kinaenda na ngoma. Wa pili, akaanza kuimba chini chini. Wa tatu ulipofika akanyamaza, na kisu akakiweka chini.

"Huyo nani anapiga?"

"Ni Baba."

"Hapana." Hakuwa amekasirika, Baba. Alisema kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba yake na mgeni. "Huyo si baba yako. Huyo ana haraka."

Nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na yake umeitupa?"

Sikuwa nimeitupa. Niliirudisha siku hiyo hiyo, mbele yake, pigo kwa pigo, na kuiomba radhi kila nilipoigusa. Yule mkaguzi akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu sasa haitapita kamwe. Nikamwambia nina hakika. Kwa hiyo bado uko kwenye rundo, Baba, na aliyekurudisha huko ni mimi. Wachache wanaokutafuta huko na kukucheza hukosea mahali palepale, karibu wote. Zamani ningeona aibu. Siku hizi nikiona hivyo nahisi kana kwamba mtu amejikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu, na nyumba bado iko.

Nisamehe. Nilidhani nakutetea.

Mama anakusalimu. Kile kitanda chenu tulikibeba tukaja nacho, na mwanzoni alikuwa anajibana ukutani alikozoea, nusu nzima akiiacha wazi. Juzi asubuhi nilipompelekea chai nilimkuta amelala upande wako. Nikamuuliza kama ameota vibaya. Akasema hapana, ni kwamba huko ndiko kuna joto.

Pumzika, Baba. Sisi tuko.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza