Leseni Mpya ya Nisomee

Hapana dada, simu ya mama haijaharibika. Umeniuliza hilo kabla hata ya salamu, basi na mimi nimelijibu kabla ya shikamoo. Shikamoo sasa. Shemeji hajambo? Wapwa zangu hawajambo? Sisi huku ni wazima, na mama naye ni mzima kwa vipande: masikio mazima, mdomo mzima kupita wote, macho ndiyo kama ulivyoyaacha, giza tupu. Mwandiko huu ni wa mtu aliyeishia darasa la tano, univumilie. Kwa nini karatasi na si barua pepe, utafika huko.

Simu ni nzima. Iliyonyamaza ni Nisomee, ile programu yetu.

Unakumbuka tulivyoitengeneza. Wewe kitandani na kompyuta mapajani, mimi ndani ya kabati la nguo nimejifunika blanketi, nasoma maneno kwenye maiki. Asubuhi. Jioni. Kimoja. Viwili. Baada ya kula. Nilitoka humo nimelowa kama nguo ya kuanikwa. Mama akaielekezea simu pakiti ya dawa, ikamwambia kwa sauti yangu hii ni ya presha, kimoja asubuhi. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema hatimaye mimi Redio wake nimepata kazi ya maana. Ukaiweka Nisomee wazi kwa dunia nzima, na leseni ukaiandika kwamba kila mtu aichukue bure, airekebishe atakavyo, mradi na yeye aiache wazi. Chini ukapanga majina yetu sita tuliochangia. Langu la mwisho, lakini lipo.

Basi akaja Bwana Kalamu. Namwita hivyo kwa sababu ana kalamu nne mfukoni na kila kitu anaandika kwenye simu. Alinikuta kibandani nabadilisha kioo cha simu ya mteja, akasema kampuni yake inaitaka Nisomee. Nikamwambia aichukue, ni bure. Akasema hapo ndipo penye tatizo, ni bure. Akanielewesha kwa upole wa daktari wa meno: leseni inabidi isasishwe, watu walipie kila mwezi, na haibadiliki mpaka wote sita waandike kwamba wanakubali. Mwalimu wa hesabu alikubali. Nesi alikubali. Wale vijana wawili wa chuo walikubali kabla hajamaliza kusema. Mimi niliwatangulia wote. Ukabaki wewe, na wewe ulimjibu hapana mara tatu, pamoja na maneno mengine ambayo alikataa kunisomea.

Mimi nikarudishwa kabatini, safari hii kabati la ofisini, lina feni. Walitaka sentensi moja mpya: muda wako umekwisha, lipia kwanza ndipo nikusomee. Niliisoma mara kumi na moja. Ya kwanza Bwana Kalamu alisema ina huruma, watu watabembeleza. Ya mwisho alisema hiyo ndiyo, hiyo inauma.

Jumatatu asubuhi simu ya mama ikajisasisha yenyewe. Nilikuwa jikoni namimina chai. Nikamsikia anaelekeza pakiti, kisha nikajisikia mwenyewe namwambia alipie kwanza. Mama akaisogeza pakiti karibu zaidi. Akaiuliza simu, taratibu, amenikosea nini. Akajaribu pakiti ya pili, nikamjibu vile vile. Akasema atalipa mwanangu, nimsomee hiki kimoja tu. Dada, sikufichi, nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Wakati nafuta chai, yeye akapapasa akameza. Alimeza vidonge viwili vya kisukari akidhani ni vya presha, na hajala kitu. Nilimkuta sakafuni anatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu baba. Nikamnywesha chai yenye sukari nyingi kijiko kwa kijiko mpaka akarudi. Sasa hajambo, ila kila nikimsalimia anapapasa mkoba wake. Nimemweleza ile ni sauti ya kurekodi tu. Amesema anajua, lakini mdomo ulikuwa wa nani.

Utasema kwa nini simlipii. Nimlipe Bwana Kalamu ili nisikie sauti yangu mwenyewe? Hata mimi nina heshima zangu.

Sasa tuje kwenye karatasi. Nakujua, umeshajiuliza leseni ilibadilikaje na wewe ulikataa. Siku ulipomwekea mama Nisomee, uliingia kwenye barua pepe yako kwa simu hiyo hiyo, hukutoka. Imekaa wazi miaka yote. Niliichukua simu mkononi mwake nikamwambia naifuta vumbi. Nikamjibu Bwana Kalamu kwa jina lako, neno moja, nakubali, nikatuma, nikafuta nilichotuma. Nikamrudishia. Mama akanishukuru kwa kumfutia vumbi. Barua pepe zako nazisoma kabla yako, kwa hiyo najua njia hiyo haina siri, ndiyo maana hii imekuja kwa karatasi.

Najua ukiwaambia wenzako kwamba neno lile si lako, leseni mpya inaanguka, na mimi naanguka nayo, pengine mpaka kwa hakimu. Lakini kuirudisha ya zamani kutachukua wiki kadhaa za kubishana, na mama humeza dawa mara mbili kwa siku. Kwa hiyo tuelewane kama watoto wa tumbo moja. Wewe nyamaza, mimi nabaki hapa nyumbani, asubuhi na jioni namsomea pakiti kwa mdomo huu huu, bure, bila kumwambia alipie. Ukisema, nahama siku hiyo hiyo, na unajua hakuna mwingine mwenye macho ndani ya nyumba hii.

Wasalimie shemeji na wapwa zangu. Mama angekusalimia, ila nimemwambia hii ni barua ya biashara.

Ukikubali usijisumbue na barua ndefu. Niandikie neno moja tu, lile lile nililoandika mimi kwa jina lako. Safari hii kwa mkono wako.

Mdogo wako akupendaye,
Redio