Shukrani kwa Wadhibiti wa Umeme

3 Mei

Dada yangu mpendwa,

Salamu tele. Mama anapumuaje? Mimi ni mzima kama chuma, nimenenepa hadi mkanda wa gari unanung'unika.

Sasa kaa vizuri nikupe habari za ndani. Si unajua umeme wa mji wenu unavuka mpaka kutoka huku kwetu? Kibali chake kinaisha mwisho wa mwezi huu. Basi wadhibiti wa umeme wa nchi zote mbili wamekutana hotelini, na nani kawapeleka? Mdogo wako! Mwenyekiti wa wadhibiti wetu haendi hata kwa kinyozi bila mimi. Nimemweleza habari ya mashine ya oksijeni ya Mama, akaitikia kwa kichwa vizuri sana.

Kibali kipya kimeshaandikwa na kupelekwa ofisi zote mbili. Utaratibu wao ni huu: ikifika tarehe 31 na hakuna aliyeandika neno, kimepita. Mwambie Mama alale usingizi, mwanawe yupo kazini.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Tunamshukuru Mungu, tupo. Mama hatoki kwenye mashine. Ikizimika kidogo tu midomo inabadilika rangi. Nimemsomea barua yako, akanirudisha mwanzo. Anawatangazia majirani kwamba umeme unao wewe. Nikasema, "Mama, ana usukani tu." Akaniambia nina wivu!

Daktari wa zahanati na wenye maduka wamefurahi, wanataka kuwaandikia wadhibiti barua ya shukrani. Inafaa? Wewe ndiye mjuzi.

Dada yako

13 Mei

Dada,

Huku salama, hofu kwenu. Inafaa mno! Wakubwa niulize mimi, nimewaendesha wembamba kwa wanene: hata mshahara hawaupendi kama wanavyopenda kusifiwa. Andikeni, mdhibiti wenu aipige muhuri, aitume kwa wetu. Tena hapo hapo ombeni na taa za njia ya zahanati. Mtu akiwa anachekelea, ndipo unapomwomba.

Mdogo wako mwenye dunia yake

2 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Umeme umekatwa tangu jana.

Nimekwenda ofisi ya mdhibiti wetu. Karani kasema barua yetu ilipigwa muhuri ikatumwa, na lile ombi la taa likahesabiwa kuwa pendekezo la kubadili kibali. Kwa hiyo kuna aliyeandika neno. Kibali kimesimama mpaka wadhibiti wakutane tena kujadili vibali, mwakani. Sikulaumu. Barua niliipeleka mimi kwa mikono yangu, nikicheka.

Mama yuko kwenye mtungi wa zahanati, nao unaelekea kuisha. Gari la wagonjwa linakwenda hospitali kuu tarehe 7, safari moja tu, maana mafuta hakuna. Mama amekataa kupanda. "Mwanangu kasema nilale, yupo kazini. Kesho utauona umeme." Daktari kambembeleza, mimi nimelia, wapi! Haamini mtu ila wewe. Mwandikie upesi, umwambie apande.

Dada yako

12 Juni

Dada,

Barua yako nimeikuta leo chini ya mlango. Nilikuwa nimempeleka Mwenyekiti mkutano mwingine wa wadhibiti, nchi ya tatu. Siku zote hizo walizungumzia ushirikiano, sisi madereva tukicheza karata kwenye maegesho.

Najua gari la tarehe 7 limeshaondoka. Nimemwendea Mwenyekiti, nikamwambia Mama yuko gizani. Akasema, "Utaratibu ni utaratibu, dereva." Kumbe hata jina langu halijui. Nikaomba ruhusa, akaninyima. Nimemwachia funguo zake mezani. Nakuja na mtungi wa oksijeni kwa basi la kesho, wakiniruhusu kuuvusha mpakani. Barua hii naitanguliza kwa kondakta wa leo.

Msomee haya:

Shikamoo, Mama. Mimi umeme sina. Huwa nawafungulia wenye umeme mlango wa gari, basi. Likipita gari lolote, la mchanga, la ng'ombe, panda uende hospitali, usinisubiri.

Dada, hapo kwenye shikamoo simama. Usisome mbele mpaka aitikie.

Mdogo wako