Injini Iliyong'olewa kwa Nia Njema

KITUO CHA POLISI, ELDORET
MAELEZO YA SHAHIDI
Jumatano, 2 Aprili 2025, saa nne asubuhi

Naitwa Emmaculate Adero Olwal, umri miaka sitini na tatu, mwalimu mstaafu wa fizikia. Naishi mtaa wa Kapsoya, hapa Eldoret, na mume wangu, Mzee Johnstone Olwal. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Kwanza naomba marekebisho. Nilipopiga ripoti juzi, iliandikwa kwamba nalalamikia "gari kuukuu la bluu". Gari hilo ni Austin-Healey 3000 la mwaka 1965, gari la michezo lililoundwa Uingereza, lenye paa la turubai na magurudumu ya spoki. Injini yake ni ya cc 2912, silinda sita kwenye mstari mmoja, kabureta mbili, na nguvu za farasi karibu mia moja na hamsini. Linaweza kupita kilomita mia na tisini kwa saa, ingawa sisi hatukuwahi kulifikisha huko kwa sababu tuna akili. Namba ya injini inaanza na 29K, na ndiyo hiyo iliyo kwenye logbook. Mume wangu alilinunua kwa mkulima Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, kabla hatujapata mtoto wa kwanza.

Mzee alipatwa na kiharusi miaka minne iliyopita. Tangu siku hiyo hazungumzi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana mimi humkalisha ndani ya gari, nikaliwasha papo hapo uani. Injini ikishapata moto, vidole vya mkono wake wa kushoto huanza kugonga mlango, taratibu, vikifuata mlio. Daktari ana mashine zake. Mimi hiyo ndiyo njia yangu ya kujua kwamba mume wangu bado yupo.

Mnamo tarehe 8 Machi 2025, kamati ya harusi ya Lorraine ilikutana nyumbani kwa George. George ni mdogo wa mume wangu, na Lorraine ni binti yake. Nilikuwa jikoni nikimimina chai niliposikia makofi. Nilipotoka na trei, George alikuwa amesimama. Alisema, "Shemeji yetu Mwalimu ametoa ile Healey imbebe bibi harusi!" Sikuwa nimetoa chochote. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua kwamba ukishasemewa mbele ya watu, umeahidi. Ukikataa, utaitwa mchawi hadi siku ya mazishi yako. Niliweka trei chini, nikatabasamu.

Tarehe 17 Machi, Bwana Kigen alikuja kulichukua. Yeye ndiye msimamizi wa usafiri katika kamati hiyo, na ana gareji yake mjini. Alisema anataka kulipiga polishi na kufanya mazoezi ya msafara. Nilimwambia, tena mara mbili, kwamba gari hilo limeundwa kukimbia. Ukilitembeza polepole kama gari la maiti litachemka, na likichemka, dawa yake ni kuliacha lipoe. Alinijibu, "Usijali, Mwalimu, hizi gari nazijua." Sasa najua alichokijua.

Mnamo tarehe 29 Machi, saa tano asubuhi, nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kanisa msafara ulipoingia. Niliona gari letu likiwa na riboni, lakini sikulisikia. Mlio uliotoka chini ya boneti ulikuwa wa teksi. Nilishika nguzo.

Kwenye karamu, mshereheshaji aliniita mbele. Alitangaza kwamba gari lilikuwa limechemka kwenye mazoezi, na kamati, kwa upendo, ikaona isinirudishie mzigo. "Wamemwekea Mwalimu engine mpya ya Kijapani! Kama surprise!" Watu walipiga vigelegele. Nililazimishwa kucheza. Naomba iandikwe kwamba nilicheza, mbele ya watu wote, huku nimeibiwa.

Nilimvuta Kigen kando nikamuuliza injini yetu iko wapi. Alisema, "Mama, ile ilikuwa imechoka kabisa. Tulipatia mtu wa skrepa huko Turbo." George akaja akanishika bega, akasema, "Shem, watu wamejitolea. Asante ya punda ni mateke?" Nilimwambia kwamba punda ni yule anayetoa kisicho chake.

Jumapili baada ya ibada nilimkalisha Mzee garini. Nilijiambia labda hatatambua. Niliwasha. Mkono wake ulikaa mapajani. Baada ya muda aligeuza shingo akatazama lango, akaendelea kulitazama, kama anayengoja gari lake liletwe. Nilizima, nikaingia ndani, nikalia. Kwenye harusi sikulia.

Jumatatu nilipiga ripoti. Jana, tarehe 1 Aprili, nilienda mji wa Turbo pamoja na Koplo Kinyanjui, na tukaipata injini kwenye yadi ya vyuma chakavu, chini ya mashine mbovu ya kupukuchua mahindi. Kabureta moja imevunjika. Namba ni ile ile. Niliipangusa kwa leso yangu.

Asubuhi hii nimeelezwa kwamba injini ni kielelezo, na itakaa hapa kituoni mpaka kesi ya Kigen na George iishe. Niliuliza kesi kama hii huchukua muda gani. Koplo alisema, "Mama, kortini huwezi jua. Inaweza kuwa hata miaka mitatu." Mzee hana miaka mitatu. Nikauliza nikiondoa malalamiko itakuwaje. Akasema nitaibeba leo.

Basi naondoa malalamiko. Sisemi kwamba hakuna kosa lililotendeka. Lilitendeka, likapigiwa makofi. Naondoa kwa sababu nahitaji fundi aanze kazi mchana huu. Na iandikwe kwamba sijawasamehe. Koplo ameniambia sentensi hiyo haihitajiki kisheria. Nimemwambia aiandike.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasema, nami nayakubali kwa mkono wangu.

(Sahihi) E. A. Olwal

Maelezo yameandikwa nami na kusomwa kwa shahidi, naye akakiri ni sahihi. Sentensi kuhusu msamaha imebaki kwa matakwa yake. Injini moja imekabidhiwa mwenyewe saa sita na robo. Alikataa kusaidiwa na Bw. George Olwal, aliyekuwa akingoja nje, kuipakia.

Koplo P. Kinyanjui