Sahihi Yako Chini ya Uongo Wetu

Mzee Ndahani,

Walikata keki. Wiki tatu tu tangu mwili wako usafirishwe kwenda Dodoma, ofisi nzima ikakusanywa kwenye chumba cha mikutano kusherehekea ile ripoti ya shamba la kaskazini, kwamba mteja ameipokea na amefurahi. Kwanza mudiri, bosi wetu, akatuambia tusimame dakika moja tukukumbuke. Tukasimama. Nilimwona akichungulia saa yake. Kisha akapiga makofi mawili, akasema, "Khalas, sasa tule," na krimu ikamganda kwenye masharubu. Nilitoka bila kuigusa keki.

Nakuandikia kutoka chumbani kwetu mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, hapa Doha. Ni Ijumaa, wenzangu wamejilaza baada ya swala, na mimi nina mambo ambayo hukuyajua na ambayo ni lazima uyasikie kutoka kwangu.

Mimi nilikuja Doha kuendesha gari, basi. Wewe ulikuwa mwanajiolojia uliyezeeka ukitafuta maji ya ardhini kwenye vijiji vya mtama na uwele huko kwenu, kabla kampuni haijakuita huku. Hukuvumilia kuniona nimekaa garini na kiyoyozi huku wewe ukichomwa na jua. Ukanipa ile tepu inayolia ikigusa maji, ukanifundisha kuishusha kisimani taratibu. "Soma mwenyewe, Shaibu. Usiandike nilichosema mimi, andika ulichoona." Ndani ya miaka miwili nikawa najua kila kisima cha shamba lile, na kila mwezi tepu ilizidi kuzama kabla ya kulia.

Majani ya mifugo, kijani kibichi, katikati ya jangwa, yanamwagiliwa saa sita mchana! Ulikuwa ukiyatazama unatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha aibu. Na Rafiq, yule Mbangladeshi wa pampu, alilalamika kwamba maji yamekuwa ya chumvi hadi maziwa yanakatika akipika chai. Tangu siku ile hatukwenda shambani bila katoni za maji ya kunywa kwa ajili yake.

Ukaandika kwenye ripoti: visichimbwe visima vipya, na baadhi ya vya zamani vifungwe. Mudiri akakuita. Nilikuwa mlangoni na funguo za gari, nilisikia yote.

"Doktari, mteja anataka visima vinne, hataki mahubiri. Tupe sentensi moja yenye matumaini."

"Sina," ulisema. "Maji yale ni ya mvua ya zamani mno, haijanyesha tena namna ile. Yakiisha, yameisha."

Wakakuhamishia kwenye chumba cha mafaili, hakina hata dirisha, upange makaratasi ya miaka iliyopita. Mtu wa elimu yako! Hukulalamika, ila kila nilipokuletea chai nilikuta umeshika kifua. Halafu ukalazwa.

Sasa nafika pale ninapojichukia.

Ukiwa kitandani hospitalini, mudiri aliniita ofisini kwake. Alisema vipimo vya mwezi ule vinahitajika leo, hakuna muda wa kwenda shambani. "Jaza tu, Shaibu. Iwe kama mwaka juzi." Fomu ya kuhuisha kibali changu cha ukaazi ilikuwa mezani pake, inasubiri mkono wake. Hakunitisha. Aliweka tu kiganja juu yake, akawa ananitazama. Nikakaa nikajaza visima vyote, kimoja baada ya kingine, kwa mwandiko wangu.

Jioni yake nikaja kukuona. Ukaniuliza, "Ulikwenda shamba? Maji yakoje?"

Nikakujibu, "Yametulia, Mzee."

Ukatabasamu. Siku ya nne ukafariki.

Baada ya ile keki nilichukua nakala ya ripoti. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sahihi yako, chini ya maneno kwamba maji yanatosha. Waliikata kutoka kwenye fomu yako ya likizo wakaibandika. Nilijua kwa sababu kipande cha mstari wa fomu kilibaki chini ya herufi zako, wamekisahau. Hata kuiba hawakuiba kwa uangalifu. Walijua hakuna atakayetazama.

Nikampigia simu mkeo, Mama Neema. Nilimweleza habari ya sahihi na ya namba nilizojaza. Kisha akasema, "Shaibu mwanangu, mume wangu aliwahi kuchagua pa kuchimba kisima, kikatoka kikavu. Alirudi akasimama mbele ya kijiji kizima akasema kosa ni lake. Walimtukana siku ile, na mwaka uliofuata wakamwita tena. Usiliache jina lake huko."

Nikaandika maelezo kwa Kiingereza changu kibovu. Nikayapeleka pamoja na madaftari yako kwenye ofisi ya vibali vya kuchimba. Karani aliyasoma mara mbili, akanitazama. "Unajua kwamba unajishtaki mwenyewe?" Nikasema najua. Akagonga muhuri.

Kesho yake habari zikamfikia mudiri, akanifukuza kazi. "Wewe ni dereva tu," alisema, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba aliyemshtaki ni dereva.

Wakaguzi wa ofisi ile walinichukua kwenda shambani kwa sababu hawakujua njia wala visima. Nilishusha tepu mbele yao. Kwenye visima viwili iliteremka hadi mwisho wake bila kulia. Cha tatu kililia, wakachota maji, mkaguzi mmoja kijana akayaonja na kuyatema papo hapo, akajifuta mdomo kwa mkono wa kanzu. Rafiq alikuwa amesimama pembeni na sufuria yake. Yeye ndiye anayeyapikia wali.

Basi, Mzee, ripoti imeondolewa na jina lako limeondoka nayo. Kibali cha visima vipya kimekataliwa. Ningependa kukuambia tumeshinda, lakini nilipokuwa naondoka shambani pampu za zamani zilikuwa zinanguruma na yale majani yanaogeshwa juani. Walichozuia ni kuongeza. Kumaliza kunaendelea. Mudiri yupo kwenye kiti chake, nasikia ametafuta mwanajiolojia mwingine, kijana, aliyetoka chuoni juzi. Najua ipo siku naye atamwekea kiganja juu ya fomu.

Madaftari yako nimerudishiwa, yamo kwenye begi langu. Nasafiri Jumanne. Kwetu Tanga wananisubiri, ila nitapita Dodoma kwanza.

Mama Neema ananiita mwanangu, ameshaniandalia chumba. Anadhani nilikuwa mwaminifu kwako hadi mwisho, kasoro ile siku moja ya namba. Kwamba uliniuliza kitandani, na nikakudanganya ukiwa umenishika mkono, hilo sikumwambia. Nilishindwa kulitamka kwenye simu.

Nakuahidi nitamwambia. Nitamwambia siku nitakayofika, kabla sijala chakula chake. Akinifukuza nitakwenda kulala stendi.

Lala salama, Mzee wangu. Maji hayakuwa yametulia.

Shaibu