Masizi ya Gari la Mama Mazu

Jumatatu, 24 Machi

Gari la hekalu limeletwa leo. Linatetemeka kama mtu mwenye homa. Kila asubuhi likiwashwa likiwa baridi ni vurugu tupu, likishapata moto linatulia na kujifanya malaika. Taa ya injini inawaka.

Mzee Khoo, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, alishuka na popoo shavuni akaniuliza Baba yuko wapi. Nikamwambia kaenda sokoni, niko mimi. Akasema basi atasubiri. Atasubiri! Tangu nimalize shule niko chini ya magari humu ndani, na bado mtu anasubiri Baba arudi na kabichi.

Sikusubiri. Nilichomeka kompyuta: silinda ya pili na ya nne zinakosa moto. Nikaingiza kamera ndogo kwenye njia ya hewa. Yaani! Valvu zimevaa masizi manene, yana mafuta, kama sufuria ambayo haijasuguliwa tangu harusi ya mwenyewe. Hewa inapita pale kwa kuomba ruhusa.

Wala sishangai. Injini hii inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Zile za zamani, petroli ilipita nyuma ya valvu ikaziosha. Hizi haipiti. Kinachopita pale ni mvuke wa oili tu, unaganda, unaungua, unaganda tena. Halafu kazi ya gari lenyewe ni kutambaa siku ya maandamano mbele ya machela yenye sanamu ya Mama Mazu, mungu wetu wa bahari, kwa mwendo wa waenda kwa miguu, spika juu ya paa, mpaka usiku. Mwaka wote uliobaki linawapeleka wazee kunywa uji. Halijapata moto wa kweli tangu linunuliwe.

Dawa yake najua. Kufungua manifoldi, yale mabomba yanayogawia silinda hewa, kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa mpaka valvu zing'ae. Maandamano yanatoka Jumapili ya tarehe sita. Muda upo.

Baba alirudi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: mimina chupa ya dawa kwenye tangi, halafu lipeleke barabara kuu ukalikanyage. Chupa!

Jumanne, 25 Machi

Jana sikuandika jambo lenyewe hasa. Niliogopa kuliona kwenye karatasi.

Baba anastaafu. Kwenye karamu ya hekalu, baada ya maandamano, atatangaza nani anachukua gereji. Ni mimi au Bingtat, mtoto wa baba mdogo. Bingtat anauza dawa za injini za chupa, ana meno mazuri na shati lisilo na doa. Sisi mafundi watu wanatuita mikono myeusi. Yake inanukia losheni.

Lakini Bingtat ni mwanamume. Baba akizungumzia gereji haachi kusema jina la ukoo lisipotee. Mimi nina jina hilo hilo! Ila inaonekana langu liliandikwa kwa penseli.

Gereji ni yangu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza.

Alhamisi, 27 Machi

Hekaluni. Mzee Khoo kasema gari la Mama halipasuliwi tumbo katika mwezi wake wa kuzaliwa bila yeye mwenyewe kuulizwa. Haya, aulizwe. Kabla hata ya kuanza akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama wiki hii niko safi.

"Mzee, unataka kukagua?" nikamwambia, wala si kwa sauti ya chini.

Akina mama waliokuwa wanapanga mananasi madhabahuni walicheka mpaka moja likaanguka. Mzee Khoo akawa mwekundu kuliko popoo yake.

Wakarusha vipande viwili vya mti, ndivyo Mama anavyoulizwa. Kimoja chali, kingine kifudifudi: Mama kasema ndiyo. Mara tatu mfululizo. Lakini swali lilikuwaje? Eti, je, Mama anaridhia dawa ya chupa? Karidhia, ndiyo. Nani kamuuliza kama inatosha? Hakuna. Wangemuuliza kama anaridhia gari lioshwe vioo angeridhia pia.

Baba alikunja mikono kifuani. Hakuniangalia njia nzima.

Ijumaa, 28 Machi

Bingtat alimimina chupa yake, akalikimbiza gari mpaka mji wa Tainan na kurudi, injini inalia gia ya chini. Likarudi limetulia kabisa. Wazee wakampigia makofi.

"A-Hun alitaka kumpasua mgonjwa," Mzee Khoo akasema, "kumbe alihitaji dawa ya kikohozi tu!"

Wakacheka. Baba naye kacheka, kidogo. Nilimwona.

Nikawaambia subirini asubuhi ya baridi. Na sikatai, chupa imesafisha nozeli kidogo, tofauti ipo. Lakini nyuma ya valvu haijafika wala haitafika, hata wamimine pipa. Bingtat akasema, "Dada, wewe hupendi tu kushindwa." Ni kweli sipendi. Nani anapenda?

Jumatatu, 31 Machi

Mvua, ubaridi. Gari limezimika mbele ya lango la hekalu. Likawashwa, likatetemeka mpaka vioo vikagonga, likazimika tena. Wakalisukuma. Mzee Khoo naye alisukuma, na makubazi yake.

Sikucheka. Muongo mimi — nilikwenda kucheka chooni.

Baba alikuja jioni na ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ambayo watu huweka juu ya mashine zisigome, akaiweka juu ya dashibodi ili gari liwe na adabu. Kwanza akatazama tarehe ya kuharibika, maana iliyopita muda haina nguvu. Fundi aliyenifundisha kusikiliza plagi kwa sikio tupu! Nampenda mzee huyu, na nilitamani kumpiga na ile pakiti.

Jumatano, 2 Aprili

Hekaluni tena. Safari hii wameuliza swali langu: gari lifunguliwe?

Vipande vikaanguka vyote chali. Maana yake Mama anacheka. Wakarusha tena. Anacheka. Tena. Anacheka.

Mzee Khoo akasema Mama anaucheka ujuaji wangu. Mdomo ukanitoka: anatucheka sisi wote, tunaomletea kazi ya spana.

Hata muuza ubani wa pale mlangoni aliacha kuhesabu vijiti vyake.

"A-Hun, nenda nyumbani," Baba akasema. Mbele ya watu. Kama mtoto aliyemwaga chai.

Iliniuma. Nimeoga, nimekula, bado inaniuma.

Wameamua gari liende hivyo hivyo. Bingtat ataendesha, mguu kwenye mafuta lisizimike. Mpaka usiku! Kwa mwendo wa kobe! Likizimika mbele ya machela, Mama atasimama juani, na mji mzima utasema mwaka mbaya umeingia, na utasema gari lilitoka gereji ya nani. Aibu hiyo hataibeba Bingtat. Ataibeba Baba, jina lake lipo mlangoni.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumekwenda kusafisha makaburi. Baba kasema. Ni Bingtat.

Alisema akiwa anang'oa majani kwenye kaburi la Babu, mgongo kwangu. Eti mimi ni fundi mzuri, hilo halina ubishi, ila wateja wanataka mtu wa kuongea naye.

Nilitaka kusema mengi. Nikachukua fagio nikafagia upande wangu. Halafu nikamwambia, sawa Baba, mpe. Lakini lile gari nalifungua.

Akasema nisithubutu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimenunua gasketi mpya za manifoldi. Nimechekecha maganda ya jozi. Nimelia mara moja, kwa ufupi.

Leo gari limezimika mara mbili wakati wa kujaribu spika. Bingtat anasema ni hali ya hewa.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika nimekaa juu ya tairi, nasubiri kompresa ijae. Ni ndogo, inajaa kwa madaha.

Nimeliiba. Kulipopambazuka nilikwenda uani kwa hekalu nikachukua ufunguo msumarini, kila mtu anajua unapotundikwa. Muuza ubani aliniona. Nikamwambia akiulizwa aseme ukweli. Akasema, "Endesha polepole basi, mwanangu," akageukia vijiti vyake.

Geti nimelifunga kwa ndani. Manifoldi imetoka. Sasa naona kwa macho yangu, si kwa kamera. Masizi mpaka shingoni. Silinda ya kwanza nimemaliza. Valvu inang'aa kama kijiko cha wageni!

*

Ya tatu tayari. Naenda taratibu maana hapa ndipo pa kuharibu: kabla ya kupuliza lazima valvu za silinda hiyo ziwe zimefunga kabisa. Ikiwa wazi hata uzi mmoja, maganda yanaangukia ndani na injini imekufa, na mimi pamoja nayo. Kwa hiyo nazungusha krenki, mhimili unaosogeza valvu, kwa spana, chini, nainuka natazama, nashuka tena. Peke yangu ni kupanda na kushuka tu. Magoti yanalalamika.

Bingtat kapiga simu. "Dada, utatuua!" Nikamwambia aende akachague shati.

*

Wamefika. Mzee Khoo na kamati, na wapiga ngoma wote nyuma yao, wameshavaa. Anagonga geti kwa kiganja. Anasema machela inatoka saa tisa, saa imechaguliwa, haisogezwi hata dakika. Anasema ataita polisi.

"Waite!" nikapiga kelele. "Waambie waje na fagio, kuna masizi mengi huku!"

Nje mtu kacheka. Nadhani ni mpiga matoazi.

Silinda ya pili inakwenda vibaya, masizi magumu kama lami. Napuliza, nakwangua, napuliza tena. Sijali. Nikinyang'anywa funguo kesho, ninyang'anywe. Leo kazi hii itaisha.

*

Ya pili imekubali. Imebaki ya nne, mbaya kuliko zote.

Halafu sauti ya Baba. "A-Hun, fungua."

"Sifungui."

Nikasikia mlango wa jikoni, ule unaoingilia gereji. Bila shaka, ni nyumba yake. Akapita katikati ya mapipa ya oili, amevaa koti jeupe la kamati na utepe mwekundu wa mbeba ubani. Nikasimama mbele ya injini na bomba mkononi. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa na maneno ya miaka yote hiyo, yamepangwa.

Hakunipa nafasi. Alinisogeza kwa kiwiko, akachungulia. Akatazama ile ya kwanza, safi. Akatazama ya nne. Akaingiza kidole, akakitoa cheusi, akasugua masizi kwa dole gumba, akanusa. Alikaa hivyo, ameinama. Niliona kisogo chake tu na nywele chache zilizobaki.

"Hii ya nne imefunga?" akauliza.

Nikamwambia bado. Nikamwambia kila mara inanibidi nishuke.

Akavua koti. Akatafuta pa kulitundika pasipo na oili, hapakuwepo, akalitupa juu ya mapipa. Akalala chali kwenye kile kigari chetu cha ubao, na utepe wake mwekundu, akajisukuma chini ya gari.

"Nipe kumi na tisa."

Nikampa spana.

"Umemwona?" Mzee Khoo anapiga kelele getini. "Mwambie alitoe!"

"Subirini!" Baba kajibu kutoka chini, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mdogo. "Tuna kazi!"

Krenki inazunguka. Polepole sana, kama anavyofanya yeye. Nachungulia, valvu inapanda, inapanda. Nikasema basi. Kasimamisha hapo hapo.

Kuhusu Bingtat hajasema neno, na mimi sitamuuliza. Saa saba na nusu. Manifoldi bado inarudi, gasketi, nozeli, waya, halafu tuone kama linawaka. Nje wameanza kupiga ngoma, sijui ni kwa kuchoka kusubiri au ni kututisha. Haya, kompresa imejaa. Baba anasikia kalamu, anauliza kutoka chini, mimi ni fundi au karani.