Mzuie Huyo Mtu wa Pembe

Gatina, Kawangware
Jumamosi, baada ya chai

Kwako Mama Nafula,

Nakusalimu kwa mkono mmoja, maana wa pili uko tumboni unalinda. Goti lako linasemaje na hii baridi? Na yule ng'ombe mweupe ameshazaa, ama bado anatuchezea akili? Mimi ni mzima kutoka kichwani mpaka kitovuni, na tena kutoka mapajani kwenda chini. Hapo katikati ndipo pana maneno.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika. Unasema umeongea na mtu wa pembe, amekubali kupanda basi aje huku na wembe wake, anichanje tumbo, abandike pembe, anyonye uchawi utoke. Mama Nafula, umenichoka kiasi hicho? Kama unataka kuwa mjane si ungesema tu, nijitengenezee sanduku mapema, mbao ninazo.

Mzuie huyo mtu. Sasa soma polepole nikueleze kwa nini.

Ugonjwa ulianza kama uzito tu upande wa kulia, kama nimemeza jiwe la kusagia. Kliniki ya Riruta wakasema taifodi. Nikameza dawa. Ya Kibera, pale karibu na Highrise, wakasema minyoo. Nikameza tena. Minyoo kama ilikuwepo ilicheka mpaka ikalia. Tumbo likazidi, mkanda ukahama tundu. Vijana wa hapa karakana wakaanza: "Buda, mtoto atazaliwa lini?" Nikawaambia akizaliwa nitampa jina la mmoja wao, aliye mvivu zaidi. Wakarudi kwenye mbao zao.

Mwishowe nikaenda hospitali kubwa. Nikapakwa mafuta baridi kama chapati, wakapitisha kidude cha picha juu ya tumbo. Daktari ni mama mmoja Mkamba, mdogo kwa Nafula wetu, lakini akikutazama unakumbuka madhambi yako yote. Akaangalia picha, akaita mwenzake, naye akaangalia. Wakati huo hata mimi niliacha utani.

Akasema, "Mzee, kidole tumbo chako kimeziba mlangoni. Ndani kinatengeneza ute, na ute hauna pa kutokea. Kimefura kimekuwa kifuko."

"Ute wa namna gani?"

"Mzito. Unavutika."

Kumbe nimebeba mrenda, Mama Nafula! Mrenda wa magadi mengi, ule wako wa kuvutika kutoka sahani mpaka kidevuni, na sijaonja hata tonge.

Anasema ugonjwa huu ni adimu, ameuona kwa mtu mmoja tu kabla yangu. Yule maskini alifunguliwa kwingine, wakidhani ni kidole tumbo cha kawaida, wakakishika vibaya kikapasuka. Ute ukamwagika na mbegu zake, ukashika kila mahali na kuendelea kujitengeneza, mpaka tumbo likajaa, chakula kikakosa pa kukaa. Wakawa wanamfungua na kumchota, wanamfungua na kumchota. Nikauliza yuko wapi sasa. Daktari akapanga karatasi zake.

Kwa hiyo amri ni moja: kifuko kitoke kizima. Atanipasua kwa upana, akikate pamoja na kipande cha utumbo kilichoshikana nacho, halafu kipelekwe kupimwa kama kina saratani. Mpaka siku hiyo hakuna kubonyeza, hakuna kukanda, hakuna kuinua mbao. Mwili mzima naruhusiwa kuguswa, isipokuwa tumbo.

Sasa wewe waambie hivyo watu wetu! Mtu wa kwetu akija kukuona mgonjwa, salamu yake ni kidole. "Ni hapa? Ama hapa?" Kila anayeingia anataka kubonyeza kama anachagua parachichi sokoni.

Na ndugu yako Eliakimu ndiye mkubwa wao. Mzee wa kanisa mzima, anatoka Kibera kwa miguu kila Jumapili kuja kuombea watu huku kwetu, na maombi yake yote yako kwenye viganja. Anakandamiza pepo kama anakanda unga wa mandazi. Nilimweleza habari ya kifuko. Akasema, "Mulamwa, shemeji yangu, daktari ana kisu, sisi tuna mikono." Nikajua Jumapili nimekwisha.

Kukosa kanisa ningeitwa mpagani. Basi nikachukua lile bakuli kubwa la bati la mboga, nikaligeuza juu ya tumbo, likakaa kwenye mbavu na nyonga bila kugusa katikati, nikalifunga kwa shuka na kuvaa koti. Nikaitwa mbele. Eliakimu akapandisha sauti, akashuka na viganja viwili kwa nguvu zote za ukoo wenu.

Ngwaa!

Akarudi nyuma akitikisa vidole. Akasema, "Ndugu zangu, pepo hili limekuwa chuma!" Wamama wakapiga vigelegele, wengine wakakimbilia mlangoni. Mimi nilisimama na uso wa msiba, nikimshukuru Mungu aliyeumba bati.

Nilidhani nimewaweza. Kumbe habari ilipanda basi ikafika kwenu kabla ya wiki kwisha, na sasa kwa sababu ya pepo la chuma unaniletea wembe! Wembe, Mama Nafula! Mtu huyu si wa kuzuiwa kwa bakuli.

Jumatatu naingia wodini. Alhamisi napasuliwa. Barua hii anaileta fundi viatu jirani yangu, anasafiri leo, kesho utakuwa nayo. Ile nafasi ya basi uliyompangia mtu wa pembe, kaa wewe. Acha ng'ombe kwa Nafula.

Msalimie mama mkwe, kutoka mbali kama mila inavyotaka. Nafula na mumewe wasikose kupalilia. Katekista mwambie aombe, ila abaki huko huko. Na jirani mwenye jembe langu, msalimie jembe.

Nimeandika utani mwingi, lakini jana nilimuuliza daktari kama kifuko bado ni kizima. Akasema picha haiwezi kumwambia, mpaka afungue. Nimemwomba akimaliza asinieleze mimi kwanza, akueleze wewe. Uso wako haujawahi kujua kudanganya, tangu siku ulipojaribu kunikataa. Nikifungua macho nitausoma, na nitajua.

Ni mimi mumeo,
Zakayo, fundi wa milango