Balbina Haendi Mbeya

Lumemo,
Ifakara.
9 Agosti, 1998.

Mpendwa kaka Remigius,

Shikamoo kaka. Poleni na baridi ya huko Mbeya. Wifi Mariana anaendeleaje na mguu wake? Sisi huku tu wazima. Mama yuko Kiberege, macho yanamsumbua, lakini bado anapepeta mchele wake mwenyewe na hataki msaidizi. Mpunga mwaka huu umetutoa jasho. Maji ya mvua za elinino yalilala shambani hadi nusu ya mbegu ikaoza, ila hatutalala njaa.

Baada ya salamu, kaka, nina neno. Nimekuheshimu tangu utoto wangu na nitaendelea kukuheshimu. Lakini nimekasirika, nami sitaandika kana kwamba sijakasirika.

Barua uliyomwandikia Viktor mwezi uliopita nimeisoma. Hakunificha, aliiweka mezani, akatoka nje. Umemwandikia mume wangu kwamba Balbina, mwanangu wa pekee, aletwe kwako Mbeya shule zikifungwa, kwa sababu "mtoto hawezi kulelewa na mwendawazimu." Umesema pia kwamba vidonge vya hospitali vitanimaliza akili iliyobaki, kwa hiyo niviache, nirudishwe kwa yule mganga. Kurasa mbili nzima, kaka, na hakuna hata mahali pamoja ulipouliza, "Aurelia mwenyewe anasemaje?"

Basi Aurelia anasema.

Sikatai yaliyotokea Krismasi ya mwaka tisini na tano. Usingizi ulinikimbia siku nne au tano, wala sikuchoka. Nilijiona nimefunguliwa kifungoni. Maneno yalinitoka yakigongana. Niligawa mpunga wote wa ghalani kwa wapita njia, nikamwita mwenye trekta alime shamba ambalo si letu. Kanisani nilimnyang'anya mwalimu wa kwaya fimbo yake, nikaimbisha watu hadi padri akakaa chini kungoja. Nilimtukana mama mkwe, Mungu anisamehe. Hayo yote nayakumbuka, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Lakini nakumbuka na mengine. Ninyi mnadhani mtu akiugua akili anakuwa gogo, hasikii. Nakumbuka ni wewe, uliyekuja likizo, uliyesema, "Leteni kamba." Nakumbuka nilikwambia, "Kaka, unaniumiza mikono," nawe ukamwambia Viktor, "Usimsikilize, huyo si yeye anayesema." Nilikuwa mimi, kaka. Mikono ilikuwa yangu.

Kwa mganga nilikaa wiki tano. Alinichanja, akaninyima chakula, na kila nilipolia alisema ni pepo anayelia. Nilipotulia mkasema nimepona. Sikuwa nimepona, nilikuwa naporomoka. Masika yote ya mwaka uliofuata nililala nikitazama ukuta. Watu wanapalilia, mimi kuinua kikombe cha uji ni kazi ya kutwa. Balbina alikuwa akija kunisuka nywele ili niseme neno, na neno halitoki. Ndipo ukaandika kwamba siku hizi nimekuwa mvivu.

Kuna siku nilikwenda mtoni, na sikwenda kuchota maji. Viktor alinifuata, akanishika mkono tukarudi. Hilo ulikuwa hulijui. Sasa ulijue.

Zahanati ya kwanza tuliyokwenda walisema malaria imepanda kichwani, wakanitundikia dripu ya kwinini. Ya pili, mhudumu alicheka mbele yangu, akamwita mwenzake aje kunitazama. Nikaapa sirudi tena kwa watu wa koti jeupe. Aliyetuokoa ni jirani yetu Marsiana, ambaye dada yake ana kifafa. Alimwambia Viktor, "Nendeni hospitali Jumatano. Kuna muuguzi wa magonjwa ya akili, sista Paskalina. Yule hakemei mtu."

Kweli hakukemea. Alimuuliza Viktor maswali yake, kisha akamwomba atoke nje, akaniuliza mimi. Huo ulikuwa mwezi wa tisa. Tangu Krismasi ile hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza mimi! Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama Balbina, haya si magonjwa mawili. Ile furaha iliyopita kiasi na huu uzito ulio nao sasa ni ugonjwa mmoja, unapanda na kushuka. Hukuuleta kwa dhambi, wala hukurogwa. Hauishi kama malaria, lakini unatulizwa, kama wenye sukari wanavyotuliza sukari yao."

Nililia pale kwenye kiti. Hakusema ni pepo.

Alinianzishia vidonge, vilevile wanavyopewa wenye kifafa. Mwanzoni vilinilevya, nikawa natembea kama mtu aliyetoka kilabuni, akapunguza, nikazoea. Na si vidonge tu. Tulikuwa tukikaa naye kuzungumza, mimi na Viktor, hadi tukaujua ugonjwa wangu unavyobisha hodi. Kwanza usingizi unapungua. Halafu naanza kazi tatu kwa mpigo, na watu wote naona ni wazembe. Nina daftari ambamo naandika kila asubuhi usingizi wa jana ulikuwaje. Mwezi wa kwanza mwaka huu niliandika "kidogo sana" siku tatu mfululizo. Viktor akaliona, akasema, "Jiandae, twende kwa sista." Dawa ikaongezwa, wiki mbili baadaye nilikuwa shambani. Hakuna aliyeita kamba, na jirani zetu hawakujua kama kulikuwa na jambo.

Usifikiri huko hospitali kila kitu ni asali. Kuna siku unafika dirishani unaambiwa vidonge vimekwisha, urudi wiki ijayo, kana kwamba kichwa changu kinaweza kupewa likizo. Siku hiyo huwa natamani kuvunja dirisha, nikiwa na akili zangu timamu. Ila kuviacha kwa sababu mtu wa Mbeya amesikia kwa mtu mwingine kwamba vinaua akili, hapana.

Sasa turudi kwa mtoto. Viktor aliporudi ndani siku ile ya barua, nilimuuliza, "Na wewe unasemaje?" Akanyamaza. Kaka, kunyamaza kule kuliniuma kuliko kamba yako. Jumatano nikaichukua barua, nikampa sista Paskalina aisome, mume wangu akiwa ameketi palepale.

Sista akamuuliza, "Tangu aanze dawa, mama huyu amewahi kumdhuru mtoto?"

"Hapana."

"Nani anamwandaa kwenda shule?"

"Yeye. Na hesabu anamfundisha yeye."

"Basi unaogopa nini, baba?"

Viktor akainamisha kichwa. "Namwogopa shemeji," akasema. "Ndiye mkubwa wao. Siku ile aliposema leteni kamba, niliyeileta ni mimi." Kisha akanigeukia. "Sikukutetea. Nisamehe. Mtoto haendi popote."

Nimemsamehe, kwa sababu amelisema kwa kinywa chake. Wewe bado hujalisema.

Kwa hiyo Balbina haendi Mbeya, wala mimi sirudi kwa mganga. Nilimuuliza na yeye mwenyewe, maana ana miaka tisa na ana mdomo. Akasema mjomba amletee picha ya theluji, amesikia Mbeya kuna baridi. Nikacheka mpaka machozi. Mwambie basi kwamba hakuna theluji.

Kama kweli unamhofia mpwa wako, omba ruhusa kazini uje. Sista amesema yuko tayari kukaa na ndugu yeyote. Utaketi nami kwenye benchi pamoja na wagonjwa wenzangu, utauliza unalotaka, hata lile la dawa kuua akili, nawe utajibiwa kwa heshima. Sijakuita uje kuaibishwa. Nakuita kwa sababu ulipokuwa umeishika ile kamba niliona nawe unalia, na tangu hapo hujanitazama usoni.

Msalimie sana wifi Mariana, na watoto, Digna na Severini. Shangazi yao anawakumbuka. Mama anawasalimu, Marsiana pia. Viktor anasema atakuandikia mwenyewe, na safari hii anajua la kuandika.

Mungu akulinde huko kazini kwako relini, akujalie riziki na usingizi wa kutosha. Hilo la pili usilidharau.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira, na hasira hii si ugonjwa,

Aurelia.